Mkebe wa Shanga Chini ya Mtungi

Kazi yangu, ukiondoa maneno makubwa yaliyo kwenye barua ya ajira, ni kuhesabu walio hai. Si watu. Vijidudu. Nafanya kazi kwenye maabara ndogo pale Homa Bay, nyuma ya majengo ya chuo. Maabara ina madirisha mawili: moja linaangalia ziwa, lingine linaangalia choo. Meza ya dirisha la ziwa ni ya mkuu. Yangu unaijua.

Hapo ndipo nilipojifunza kuwafungia bakteria ndani ya shanga. Ngoja nieleze, maana mama mkwe wangu alidai maelezo kabla ya kunipa chai, na sioni kwa nini wewe nikufiche. Soya ina marafiki wadogo udongoni. Wanaingia kwenye mizizi, wanajenga vinundu, na humo ndani wanaupikia mmea mbolea kutoka hewani, bure kabisa. Mashamba ya Migori hayana wengi wa aina hiyo, kwa hiyo inabidi mkulima apelekewe. Shida ni njia. Ukiwabeba hivi hivi, jua la Februari linawamaliza kabla hujafika Rodi Kopany. Basi unawachanganya na gundi inayotokana na mwani wa baharini, unavuta ule ute kwa bomba la sindano, halafu unaudondosha tone kwa tone kwenye maji yenye chumvi ya kalsiamu. Kila tone likigusa maji linaganda papo hapo. Linakuwa shanga laini, ya rangi ya maziwa ya jana, na bakteria wamo ndani wamejifungia.

Mimi ni mtu wa Sindo, nimelelewa na harufu ya samaki. Siku ya kwanza nilipoziona zile shanga nilisema, "Yawa! Si haya ni mayai ya samaki?" Mkuu wa maabara, mzee wa Pwani mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi, hakucheka. Aliniambia, "Bibie, mayai ya samaki huliwa. Hizi zinakula mshahara wako."

Na hakuwa anatania. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwisho wa Juni. Alinieleza bila kuzunguka mbuyu: shanga zikikaa kwenye nyumba za wakulima, bila friji, tangu mwisho wa Januari mpaka watu wapande, halafu zikiingia udongoni na kuzaa vinundu kwenye mizizi, kazi itaendelea na meza ni yangu. Bakteria wakifa njiani, meza itarudishwa kwa wale wa kupima maji ya visima, nami nitarudi Sindo kuanika omena, wale dagaa wa ziwani. Kuanika omena ni kazi ya heshima kwa anayeiweza. Mimi jua linanipa kichwa, na hata kunguru wa Sindo wananidharau.

Nikaandaa mikebe minne, nikaigawa kwenye nyumba nne. Maagizo yalikuwa mafupi, nikayarudia kila mlango: weka mahali pakavu, penye baridi, na usifungue mpaka nije. Nilijiona mwalimu hodari.

Mkebe wa kwanza ulikuwa Sindo, kwa mama mmoja anayeuza mbuta. Nilipokwenda kuchukua sampuli nikaukuta ndani ya sanduku la barafu, umelala kati ya vichwa viwili vya samaki. Shanga zilikuwa zimeganda kama kioo, na zilipoyeyuka zikawa uji. "Ulisema baridi," aliniambia. Kweli, nilisema baridi.

Mkebe wa pili ulikuwa kwa mkulima karibu na Rodi Kopany. Yeye alishika neno "pakavu". Aliuweka juu ya ukuta, chini kidogo ya mabati, mahali ambapo hata mjusi anapita mbio. Shanga zilikuwa zimenywea zikawa ngumu kama punje za wimbi. Nilipozitikisa zililia ndani ya mkebe. Mwenyewe alifurahi sana, akasema, "Unasikia? Zimekauka vizuri."

Wa tatu ndio ulioniuma, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Nyumba ilikuwa ya mzee wa kanisa la Sabato, mtu mwaminifu kupita kiasi. Mimi siku yangu ya kuzunguka ilikuwa Jumamosi. Fikiria! Mtu mzima, mzaliwa wa kwetu, ninapanga kwenda kwa Msabato Jumamosi. Kila nikifika mlango umefungwa, watu wako ibadani, na mimi ninasema nitarudi wiki ijayo, na wiki ijayo ninarudi Jumamosi. Mkebe ule ulipaswa kufunguliwa upate hewa, maana vijidudu hivi vinapumua kama wewe na mimi. Mzee aliambiwa asifungue, na hakufungua. Alikazia kifuniko kwa utepe. Wale bakteria walikufa kwa utiifu wa mtu mwingine.

Ukabaki mkebe mmoja. Nao ulikuwa kwa mama mkwe wangu, upande wa Migori, kwenye boma nilikoolewa.

Mume wangu, ambaye ni mwalimu na maneno yake yote huyamaliza darasani, alikuwa amenionya: "Usimpelekee Mama kazi ya ofisi." Nilimpuuza. Mama ni mjane, ndiye mwenye boma, na ana shamba zuri la soya lililoshuka mpaka mtoni. Ananiita nyar Sindo, yaani binti wa Sindo, na kwa jinsi anavyolitamka unajua kama leo uko sawa au una kesi. Tukiwa wawili tunazungumza Kijaluo. Hapa ninamwandika kwa Kiswahili, lakini ukali wake nimeuacha ulivyo.

Siku nilipompelekea mkebe aliufungua, akauchungulia kwa jicho moja.

"Ni nini hizi?"

"Ni vijidudu, Mama. Wako ndani ya hizo shanga."

"Wazima?"

"Wazima."

"Wanakula nini?"

"Hawali. Wamelala."

"Wamelala mpaka lini?"

"Mpaka upande soya."

Akafunga kifuniko taratibu. "Basi ni wageni," akasema, na akauchukua mkebe akaenda kuufukia nusu kwenye mchanga uliolowa, chini ya dapi, ule mtungi mkubwa wa maji ya kunywa unaokaa kwenye kona yenye giza. Nikaruka. Mama, nimesema pakavu! Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mwendawazimu. "Wewe ukifika hapa saa saba, jua limekupiga, unakaa wapi? Juu ya mabati?"

Mkebe ukabaki chini ya dapi.

Wiki mbili baadaye nilirudi kuchukua sampuli ya kwanza. Maandishi ya mkuu yalisema nichukue shanga kumi. Nikachutama, nikafungua mkebe, nikaanza kwa sauti, maana mimi nikihesabu kimya nakosea: "Moja, mbili, tatu, n—" Nikapigwa mwiko kwenye kiganja. Mwiko wa ugali, tena wa moto.

"Si umesema ni wazima?"

"Ndiyo, Mama. Aii!"

"Na unawahesabu? Ndani ya nyumba yangu?"

Mke mwenzangu, mke wa shemeji yangu mdogo, alikuwa anapeta mtama mlangoni. Alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Mama hakucheka. Watoto hawahesabiwi, akasema. Ng'ombe wakiingia zizini hawahesabiwi kwa kidole. Unawatazama tu, unajua nani hayupo. Kilichokufa hesabu utakavyo, hata mahindi, hata samaki waliokaushwa. Lakini ukimhesabu aliye hai unamwonyesha Kifo aanzie wapi. Mimi niliyajua hayo tangu utotoni. Mama yangu mwenyewe Sindo akiulizwa ana watoto wangapi alikuwa anajibu, "Wapo." Nilikuwa nimeyaacha getini siku nilipoanza kuvaa koti jeupe.

Nikampigia simu mkuu nikiwa nyuma ya jiko, kwa sauti ya mtu anayeomba talaka. Nilidhani atanifukuza hapo hapo. Akasema, "Bibie, chukua kijiko kimoja. Huku tutapima uzito. Nani kakwambia sayansi lazima ihesabu shanga?" Nilipomwambia Mama nitachota kijiko tu, bila kuhesabu, alikubali mara moja. Akaniletea kijiko chake kizuri, kile cha wageni.

Kuhesabu kwenyewe kukafanyika Homa Bay, ambako mwiko wa Mama haufiki. Unapima uzito wa shanga, unaziweka kwenye maji, unazimua maji hayo mara kumi, na mara kumi tena, na tena, halafu unapaka tone kwenye sahani yenye chakula cha bakteria. Unasubiri siku kadhaa. Kila aliye hai anazaana mpaka anaonekana kwa macho, doa moja jeupe linalong'aa. Unahesabu madoa, unajua waliookoka.

Siku ya kufungua sahani sikuona doa hata moja. Sahani zote safi kama zimeoshwa. Nilikaa pale dirishani, naangalia choo, machozi yanashuka, na tayari nilikuwa ninanusa omena. Mkuu akapita nyuma yangu.

"Shanga uliziyeyusha kwanza?"

"Nilizisuuza."

"Nimeuliza uliziyeyusha?"

Woi. Nilikuwa nimesahau. Zile shanga hazifunguki kwa maji tu. Zinahitaji maji ya sitreti yaichomoe ile kalsiamu, ndipo ute ulegee na waliomo watoke. Mimi nilikuwa nimewahesabu watu kwa kusimama nje ya nyumba iliyofungwa, nikatangaza hakuna mtu. Mkuu hakunikaripia. Aliniwekea chupa ya sitreti mezani akaenda zake, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kukaripiwa.

Nilirudia. Safari hii madoa yalijaa sahani mpaka yakagusana. Nikapiga kigelegele peke yangu. Mtu mmoja akatoka chooni mbio kuangalia kuna nini.

Basi nikatulia, nikawa ninasubiri mvua. Mvua ikaja katikati ya Machi, mvua njema, ya kulowesha mpaka ndani. Majirani wote wakaingia shambani. Ukipita njiani unasikia majembe kushoto na kulia. Bomani kwetu, kimya.

Hapa kuna jambo lazima ulijue. Kwetu mbegu haitoki tu nyumbani ikaenda shambani. Kuna golo kodhi, yaani kuitoa mbegu. Mwenye boma, yule mama mkubwa, ndiye anayepanda wa kwanza. Akishapanda yeye, kesho yake ni mke wa mwanawe wa kwanza, ambaye ni mimi, kisha mke wa anayefuata. Ukimruka mama mkwe ukapanda kabla yake, umemtangaza hayupo, na umeileta chira, ile laana ya kukonda na kudhoofika bila ugonjwa unaojulikana. Sasa wapo wanaosema hayo ni ya zamani. Yule mzee wangu wa Sabato alikuwa amepanda zamani, na mkewe alianza upande wake siku hiyo hiyo. Lakini hata hao wanaosema ni ya zamani, waulize nani alipanda wa kwanza bomani mwao, uone watakavyokohoa.

Mama hakupanda. Wiki ya kwanza alisema mvua hii si yenyewe. Wiki ya pili mpini wa jembe umelegea. Nikaukaza. Wiki iliyofuata kuku wake ameatamia na hataki kumwacha peke yake. Kuku! Mke mwenzangu aliniambia jikoni, "Wewe ndiye mkubwa, sema naye. Mimi mbegu yangu inaota ndani ya gunia." Nikasema subira huvuta heri. Akasema ngoja ngoja huumiza matumbo, na ya kwake yalikuwa yameshaanza.

Huku Homa Bay sahani zangu zilikuwa zinanipa habari mbaya. Kila sampuli madoa yanapungua. Ya pili yalikuwa mengi bado. Ya tatu yakaanza kupeana nafasi. Ile ya mwanzo wa Aprili yalikuwa yametawanyika kama ndevu za kijana wa kidato cha pili. Bado walikuwapo, lakini kila siku Mama aliyokaa na kuku wake, kuna waliokuwa wanakata roho kwenye mchanga chini ya mtungi. Na mimi nilikuwa ninaiona meza yangu inabebwa nje.

Nina hasira za karibu. Sizifichi, wazazi wangu walijaribu kunifundisha wakachoka. Jumapili moja nilifika bomani nikamkuta Mama ameketi kwenye kivuli cha nyumba, anachambua mbegu zile zile alizokwisha kuzichambua wiki iliyopita. Nikasimama mbele yake na begi bado liko begani.

"Mama, kama hutaki kupanda si useme, watu tupande!"

Mke mwenzangu akajiziba mdomo kwa mkono. Maneno hayo mkaza mwana hayasemi. Mimi mwenyewe niliyasikia yakitoka nikatamani kuyarudisha. Mama hakuinua kichwa. Akasema neno moja tu.

"Panda."

Nani angepanda? Nilizunguka nyuma ya nyumba nikapiga teke ndoo, kumbe ilikuwa na maji. Nililala pale siku hiyo na viatu vilivyolowa na aibu tele.

Asubuhi, kukiwa kumeshapambazuka, nilitoka kwenda kumwomba msamaha. Hakuwa ndani. Nilimwona nyuma ya jiko, kwenye kibustani cha mboga, peke yake, ameshika jembe. Aliinama. Akafika katikati, akakwama. Alibaki vile, mgongo umekataa kwenda chini na umekataa kurudi juu, pumzi zinatoka kwa meno. Kisha akaanza kuupanda ule mpini kwa mikono, mkono juu ya mkono, mpaka akasimama wima. Akapumzika. Akajaribu tena.

Alikuwa anafanya hivyo kila asubuhi tangu mvua ianze. Ndiyo maana kuku, na mpini, na mvua isiyo yenyewe.

Akaniona.

"Umeona," akasema.

"Nimeona, Mama."

"Usimwambie mtu."

Nilimwambia kuna stuli, anaweza kupanda akiwa ameketi. Akasema anayefungua msimu hafungui akiwa amekaa kama mwenye kumenya viazi. Nilimwambia nitamshika mkono. Akasema mkono ukishikwa, mbegu imetolewa na aliyeushika. "Wakijua siwezi kuinama watasema Mama amekwisha. Hawatasema kwa ubaya. Watasema, 'Pumzika, Mama.' Na ukishaambiwa pumzika, nyar Sindo, kinachofuata unakijua."

Nikalia. Nililia kwa sababu ya ndoo, na ya yale maneno ya jana, na kwa sababu nilikuwa nimehesabu vijidudu kwa miezi na sikumwangalia huyu mtu hata mara moja. Aliniambia niache makelele, nitawaamsha watu.

Wazo lilinijia nikipiga mswaki. Maabara, tukitaka kutia shanga kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, hatuzishiki kwa vidole. Tunaweka faneli na kamrija, zinateleza zenyewe. Nyumba ya mume wangu ilikuwa imetiwa umeme mwaka uliopita, na fundi aliacha mabomba meupe ya kupitishia nyaya. Nikachukua moja, nikalisimamisha kando ya Mama, nikaliwekea alama chini kidogo ya kifua chake, nikalikata kwa msumeno. Juu nikachomeka kichwa cha chupa ya soda nilichokikata, kikawa faneli. Nikampa. "Unasimama wima. Fimbo yako inatoboa shimo, bomba linakaa juu ya shimo, unaachia mbegu na shanga hapa juu. Zinashuka."

Aliligeuza geuza lile bomba. Aliangalia ndani yake kuelekea angani. Mimi nilikuwa nasubiri hukumu, maana kama angesema halifai kwa golo kodhi hakuna mahakama ya rufaa.

"Mkono wangu," akasema, akitafakari. "Mbegu yangu. Hili bomba ni njia tu." Kisha akaniuliza kwa nini nimesimama, nimwite mke mwenzangu na niwatoe wale wageni kwenye mchanga.

Udongo ulikuwa laini kwa mvua. Alitoboa, akaweka bomba, akaachia. Mbegu ilishuka. Shanga, kwa kuwa zina majimaji, zikanasa katikati. Akatikisa, wapi. Basi akaweka mdomo kwenye faneli akapuliza kama anayepuliza moto wa kuni mbichi, na shanga ikatoka chini, ikatua shimoni. Kwenye daftari langu niliandika, "Upandaji ulisaidiwa na hewa." Mkuu hajawahi kuniuliza ni hewa gani.

Nilimwomba mstari mmoja apande bila shanga, ili tuwe na wa kulinganisha. Hilo lilimkera kuliko yote. "Hawa wamekosa nini?" aliniuliza. Nilieleza. Alipanda, lakini kila shimo aliliambia pole.

Akina mama wawili waliokuwa wanakwenda sokoni wakasimama kwenye ua. "Mama, hicho ni kitu gani?"

Mama akasimama wima, bomba mkononi kama askari wa zamu.

"Cha maabara," akasema. "Nimepewa kazi."

Habari ikafika sokoni kabla yao. Hakuna aliyesema Mama amekwisha. Walisema mama wa lile boma siku hizi anapanda kisayansi, na wiki hiyo wawili walikuja kuuliza hilo bomba linauzwa wapi. Kesho yake nilipanda mimi, na aliyefuata alikuwa mke mwenzangu, ambaye mbegu zake zilikuwa na mikia tayari.

Mwisho wa Mei mkuu alikuja mwenyewe, amevaa gambuti mpya. Nilikuwa sijalala vizuri wiki nzima. Ukiangalia kwa juu, mistari yote ilikuwa ya kijani, na kijani cha wiki sita hakisemi kitu. Alichimba pole pole kuuzunguka mmea mmoja wa mstari wa shanga, akaunyanyua na udongo wake, akausuuza kwenye karai. Mizizi ilikuwa imebeba vinundu, mviringo, vinene, vimeshikana na shina la mzizi. Akakata kimoja kwa wembe. Ndani kilikuwa chekundu chekundu kama nyama, na wekundu huo ndio dalili kwamba aliyemo ndani anafanya kazi. Mstari ule mwingine ulikuwa na vichache vya kuokoteza, na ndani ni vyeupe.

Mkuu alifurahi hata akajisahau. Akanyoosha kidole akaanza, kwa sauti ile ya Pwani, "Moja, mbili, tatu—"

Fimbo ya Mama ikatua kwenye gambuti.

"Mzee," mimi nikasema haraka, "huku hatuhesabu."

Alimwangalia Mama, akaangalia gambuti, akakumbuka ile simu. "Samahani sana, Mama," akasema kwa heshima zote. Akaanza kuhesabu kimya. Mama akamtazama kidogo, akamwonyesha kwa fimbo: na midomo pia.

Ikabidi mimea ifungwe kwenye gunia lililolowa ihesabiwe Homa Bay. Kabla ya kuondoka mkuu aliniambia meza ya dirisha la choo ni yangu, na akienda likizo naweza kukaa kwenye ile ya ziwa. Nilitaka kumkumbatia, nikaogopa fimbo.

Jioni hiyo hiyo nilikaa na Mama mlangoni. Aliniuliza, "Wale wageni. Walifika?"

"Walifika, Mama. Wapo."

"Walinisubiri muda wote ule?"

"Walikusubiri."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyesikia watoto wa jirani wana adabu. Kisha akaanza kupanga. Msimu wa Septemba anataka mkebe mkubwa zaidi, na mwakani kipande cha chini mtoni nacho kipandwe, na hakuna mstari wa kunyimwa.

"Na lile bomba," akasema, "ulikate kidogo. Limekuwa refu."

"Bomba haliwezi kurefuka, Mama."

"Sijasema limerefuka. Nimesema likate."

Nikamtazama. Aliketi pale na kitambaa chake, miguu haigusi vizuri ngazi iliyokuwa inaigusa nilipoolewa. Kichwa changu, ambacho hulipwa kwa kazi hiyo, kikaanza chenyewe: misimu ni miwili kwa mwaka, na Mama ana umri wa—

Nikasimama nikaenda kutafuta msumeno.